Jembe Halitoshi Bila Jirani

Ndugu msikilizaji, methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, kila mmoja wetu aliikuta vinywani mwa wazee. Lakini naona siku hizi tunaitumia nusu. Utaisikia ikitolewa na mtu aliyekwisha kumchoka mgeni wake, naye huwa anamaanisha kwamba sasa mgeni na aondoke. Methali haikusema hivyo. Haikusema siku ya tatu mwonyeshe njia. Imesema mpe jembe. Na jembe halilimi hewani. Ukimpa mtu jembe umempa na mahali pa kulima, umemwonyesha shamba linapoanzia na linapokomea, na umemtambulisha kwa mwenye shamba la pili. Kwa maneno mengine, umemfanya jirani.

Nimeichagua methali hiyo kwa sababu leo nataka tuzungumze juu ya wakimbizi, na hasa juu ya jambo moja lisiloonekana kwa urahisi katika picha za magazeti. Nataka tuzungumze juu ya vikundi vidogo vya watu wa kawaida, vya wakimbizi wenyewe na vya wenyeji wao, na namna vinavyomsaidia aliyepoteza kila kitu aishi tena kama binadamu mwenye nafasi yake.

Habari za wakimbizi zikitangazwa, tunachoona ni malori, mahema na foleni za unga. Mwishoni mwa Aprili 1994, pale Rusumo wilayani Ngara, watu wapatao robo milioni walivuka kutoka Rwanda na kuingia kwetu katika muda wa saa 24 hivi. Siku kama hiyo hakuna anayeuliza habari za kikundi cha ngoma au chama cha kuzikana. Maji, chakula, dawa na turubai ndivyo vinavyotangulia, na asiyevitoa asijidai kuwa anasaidia. Lakini siku hupita zikawa miezi, na miezi ikawa miaka. Tumbo limeshiba, na bado mtu halali usiku.

Kwa nini asilale? Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaeleza kwamba afya si kukosa maradhi tu, bali ni ustawi wa mwili, wa akili na wa maisha ya mtu pamoja na wenzake. Mkimbizi anaweza kuwa mzima wa mwili na bado akawa na upungufu katika hayo mawili ya mwisho. Jana alikuwa fundi seremala, leo ni namba kwenye kadi ya chakula. Jana alikuwa anaulizwa shauri, leo anaulizwa jina na tarehe ya kuzaliwa.

Mwaka 2007 kamati inayoyakutanisha mashirika ya Umoja wa Mataifa na mashirika mengine ya misaada ilitoa mwongozo kuhusu afya ya akili wakati wa maafa. Mwongozo huo unaipanga misaada kama jengo pana chini na jembamba juu. Chini kabisa pana usalama na mahitaji ya lazima. Ghorofa ya pili ni familia na jamii: kuwatafuta ndugu waliopotezana, kuzika na kuomboleza kwa desturi, kusoma, kufanya kazi, kukutana. Ya tatu ni msaada wa watu waliofundishwa kusikiliza na kufariji. Kileleni ndipo alipo daktari wa magonjwa ya akili. Wanaohitaji kufika kileleni ni wachache. Wanaohitaji ghorofa ya pili ni wengi mno, na ghorofa hiyo ndiyo mada yetu ya leo.

Sasa twende Bagamoyo, maana pwani yetu hii ilikuwa na mambo hayo muda mrefu kabla ya mwongozo wowote.

Mwaka 1868 mapadre wa shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walianzisha misheni yao Bagamoyo, na kando yake kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Wengi walikuwa watoto. Walipewa mahali pa kulala, mashamba, shule na ufundi. Hata leo watu huenda kulitazama kanisa la zamani, makumbusho na ile njia ya miembe.

Wema ule hatuwezi kuubeza. Mtoto aliyetolewa kwenye minyororo akapewa kitanda na chakula ameokolewa, hakuna ubishi. Lakini kijiji kile kiliendeshwa kwa kengele. Wakubwa wa misheni ndio waliopanga saa ya kazi na saa ya sala, na hata mambo ya ndoa yalipita mikononi mwao. Aliyekombolewa alibaki kuwa mtu wa kupangiwa. Ndiyo maana, pamoja na nyumba na shamba, wako waliofunga virago wakaondoka. Kumbe mtu anaweza kupewa jembe na bado asijione yuko kwake.

Karibu miaka 100 baadaye mji uleule ulipokea wageni wa namna nyingine. Chama cha FRELIMO, kilichoundwa Dar es Salaam Juni 1962, kilifungua shule yake ya sekondari Bagamoyo mwaka 1970. Wanafunzi walikuwa vijana wa Msumbiji waliokimbia vita na utawala wa Wareno. Haikuwa shwari siku zote, kwani shule yao ya awali ya Dar es Salaam ilikuwa imefungwa mwaka 1968 kwa migogoro ya ndani. Lakini hapo Bagamoyo shule ilikuwa yao. Walisoma, walifanya kazi za mikono, na walijua wanasoma kwa ajili gani. Nchi yetu iliwapa mahali na ulinzi, na mambo yao ya ndani waliyaendesha wenyewe. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, watu waliopita katika shule na kambi za namna hiyo hawakurudi kwao mikono mitupu. Walirudi na elimu, na walirudi na mazoea ya kujiendesha.

Ndugu msikilizaji, tuuvuke mto Wami tupande kaskazini, tuingie Uzigua, nchi inayoanzia pwani ya Saadani na kwenda bara hadi Handeni. Huko kuna kisa ambacho kila ninapokisimulia kinanipa mafunzo mapya.

Katika miaka ya 1830 njaa kali ilipiga nchi hiyo. Masimulizi ya wazee yanasema kwamba watu waliahidiwa kazi na chakula ng'ambo, wakapanda majahazi, na waliposhuka katika pwani ya Wasomali wakajikuta wamekuwa watumwa wa mashambani. Baadaye kundi lao lilitoroka, likiongozwa, kwa mujibu wa masimulizi hayohayo, na mwanamke aliyeitwa Wanankhucha. Walikusudia kurudi kwao kwa miguu. Hawakufika. Waliishia katika misitu ya mto Juba, wakafyeka, wakalima, wakajenga vijiji.

Walinganishe watu hawa na wale wa kijiji cha Bagamoyo. Hawa hawakuwa na mfadhili wala kengele. Walichokuwa nacho ni lugha yao, jembe lao na wao kwa wao. Kwa vitu hivyo vitatu walikaa zaidi ya karne moja, wakiendelea kusema Kizigua katika nchi ambayo majirani zao walisema Kisomali. Francesca Declich, mtafiti wa Kiitalia aliyewafanyia utafiti, ameandika kwamba vikundi vyao vya wanawake vya ngoma na nyimbo za maombolezo vilikuwa pia vyama vya kusaidiana. Mpita njia angedhani ni burudani tu. Kwa wenyewe, aliyecheza nawe ndiye atakayekulilia.

Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka, na Somalia ikaingia katika vita vya koo. Wakulima wa Kibantu wa bonde la Juba hawakuwa na bunduki, wala ukoo wenye nguvu wa kuwatetea. Waliporwa nafaka, waliuawa, walikimbia. Wengi walifikia kambi za Dadaab nchini Kenya, wengine Marafa karibu na Malindi, na wengine walikuja mpaka Tanzania, nchi ya babu zao. Hao wa Tanzania waliwekwa Mkuyu wilayani Handeni, na mwaka 2003 watu wapatao 3,000 walihamishiwa makazi ya Chogo katika wilaya hiyohiyo, wakapewa ardhi ya kujenga na kulima. Baadaye serikali yetu ilianza kuwapa uraia.

Hebu fikiri. Mama anashuka kwenye lori na mtoto mgongoni, anasalimia kwa Kizigua, na mama mwenyeji anaitikia kwa Kizigua. Maneno mengine yamebadilika, lafudhi imegeuka, lakini wanaelewana. Daktari hana dawa inayofanya kazi upesi kama itikio lile.

Naam, wakimbizi wengi hawana bahati hiyo. Hawafikii kwa babu zao. Ndipo vikundi vya jamii vinapopata kazi, na kwa maoni yangu kazi hizo ni nne.

Ya kwanza ni lugha. Mgeni asiyejua lugha ya mahali ni mtoto mbele ya kila mtu, hata awe na mvi. Hawezi kumweleza mganga panapouma, hawezi kupunguziwa bei sokoni, hawezi kufanya mzaha. Kisomo cha jioni chini ya mwembe, anachofundisha mwalimu mstaafu au kijana aliyemaliza shule, hakihitaji bajeti kubwa. Na kiende pande zote mbili: mwenyeji naye ajifunze salamu ya mgeni. Mtu akisalimiwa kwa lugha ya mama yake moyo hutulia.

Ya pili ni msiba. Mtaani kwetu tunacho chama cha kuzikana. Kila nyumba hutoa kiasi kidogo kwa mwezi, na katibu huandika katika daftari. Ukifiwa, turubai, masufuria, sanda na chakula cha siku ya kwanza vinakuja bila wewe kuomba. Sasa mfikirie mtu ambaye jina lake halimo katika daftari lolote. Akifiwa na mtoto usiku wa manane, anamgongea nani?

Miaka michache iliyopita iliombwa nafasi katika chama chetu kwa ajili ya familia moja iliyotoka Kongo. Palikuwa na mabishano. Mmoja wetu aliuliza, "Je, wakipokea msaada halafu wakaondoka?" Mwenyekiti, mzee asiyependa maneno mengi, akamjibu, "Hata wewe, bwana, waweza kuondoka kesho, tena kwa jeneza." Watu walicheka na jina likaandikwa. Msiba wa kwanza baada ya hapo haukuwa wa familia ile. Ulikuwa wa mwenyeji, na yule mama wa Kongo alikesha jikoni na wenzake akipika. Kuanzia hapo sikumsikia tena mtu akimwita mkimbizi. Anaitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama mama mwingine yeyote wa mtaa ule.

Tazama kilichombadilisha mama yule machoni pa watu. Hakikuwa kile alichopewa. Kilikuwa kile alichotoa. Mtu anayepokea tu, mwaka hadi mwaka, hata akipewa kwa upendo, huanza kujiona mzigo. Akipata nafasi ya kutoa, hata kama ni nguvu ya mikono yake usiku mmoja, heshima inarudi.

Kazi ya tatu ni jembe lenyewe, yaani shughuli ya kufanya pamoja. Hapa niwapeleke mbali kidogo, kwa ndugu zao walewale wa Chogo. Kutoka kambi za Kenya, Wabantu wa Somalia wapatao 12,000 walikubaliwa kuhamia Marekani, na safari nyingi zilianza mwaka 2003. Baadhi yao wamefika katika mji wa Lewiston, jimbo la Maine, nchi ya baridi na theluji, wakaanzisha chama chao kiitwacho Somali Bantu Community Association. Chama hicho kina mradi wa mashamba uitwao Liberation Farms. Familia hupata vipande vya kulima, na vikundi hulima mahindi kwa pamoja kwa utaratibu wanaouita iskashito, neno la Kisomali lenye maana ya ushirika. Eneo lililopatikana kwa ajili ya kilimo hicho, lenye ukubwa wa zaidi ya ekari 100, limepewa jina la Little Jubba, yaani Juba Ndogo.

Kwa hesabu ya fedha tu, mtu anaweza kusema mahindi yanauzwa rahisi dukani, kwa nini kujisumbua? Lakini bibi aliyelima maisha yake yote, katika mji ule hajui Kiingereza, hajui kuendesha gari, na wajukuu ndio wanaomsomea barua. Shambani mambo yanageuka. Pale yeye ndiye anayejua, na wajukuu ndio wanaouliza. Jioni anakula chakula alichokivuna mwenyewe. Huo ndio ustawi.

Kazi ya nne ni kumsindikiza mtu mahali penye mlango mgumu. Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa, na akitoka atoke kwa kibali. Anayejikuta mjini bila karatasi huishi kwa hofu: haendi polisi akiibiwa, huchelewa kwenda hospitali akiugua, na mwajiri asiye na haya aweza kumnyima ujira akijua hatashtaki. Hapo kikundi cha mtaa hakitoshi, inahitajika asasi inayojua sheria. Dar es Salaam ilikuwapo Asylum Access Tanzania, ambayo baadaye ilichukua jina la Dignity Kwanza, ikiwapa wakimbizi msaada wa namna hiyo. Mtu akielezwa haki yake ni ipi na wajibu wake ni upi, hofu yake hupata mpaka. Hofu isiyo na mpaka ndiyo inayokula akili.

Mashirika makubwa na vikundi vidogo si wapinzani. TCRS, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 kwa kushirikiana kwa serikali yetu, Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa na Walutheri wa duniani, limefanya kazi kubwa katika makazi ya wakimbizi nchini. Shirika kubwa linaweza kuleta mashine ya kuvuta maji. Lakini nani atakayeitunza mashine hiyo, atakayesuluhisha ugomvi kisimani, atakayeona kwamba mjane wa nyumba ya mwisho hajaonekana siku tatu? Huyo ni jirani, na jirani haletwi na lori.

Msikilizaji mmoja wa mwambao huu aliwahi kuniandikia swali zito: "Sisi wenyewe maji ya bomba hatuna, zahanati haina dawa, vijana hawana kazi. Kwa nini tuhangaike na wageni?" Swali hili si la mtu mwenye roho mbaya, na halifai kujibiwa kwa mahubiri. Jibu langu ni kwamba anayo haki ya kudai maji, tena ayadai kwa sauti kubwa. Kisima kikichimbwa kwa ajili ya wageni, mwenyeji naye achote. Shule ikijengwa, watoto wote waingie. Msaada unaomruka mwenyeji hupanda chuki, na chuki ikiota, atakayeumia kwanza ni mkimbizi mwenyewe. Lakini hayo mengine niliyoyataja, lugha, daftari la msiba, shamba la pamoja, hayamnyang'anyi mwenyeji ndoo moja ya maji. Yanamwongezea mikono.

Lazima niseme pia pale vikundi vinapokoma. Kikundi cha wanawake hakiwezi kumtibu mtu aliyepatwa na ugonjwa mkali wa akili. Huyo apelekwe hospitali, na wenzake wamsindikize. Kikundi hakiwezi kutoa uraia wala kusimamisha vita. Tena vikundi vina ugonjwa wake. Vingine huwa vya kabila moja au ukoo mmoja, vikawaacha nje walio wachache, wasio na ndugu, au msichana aliyebakwa njiani ambaye watu wanamnong'ona. Vingine hushikwa na mwenye sauti kubwa, na daftari likawa siri yake. Kikundi kinachosaidia kweli husomewa hesabu hadharani, hubadilisha viongozi, na kila baada ya muda hujiuliza ni nani katika mtaa huu ambaye hayumo.

Basi ndugu msikilizaji, kama mtaani kwako kuna familia iliyokuja kutoka mbali, kabla ya kuwauliza wanahitaji nini, jaribu kuwauliza wanajua nini. Pengine baba ni fundi cherehani. Pengine mama anajua dawa ya kuku. Pengine yule kijana aliyeinamisha kichwa alikuwa mlinda mlango hodari, na timu yenu ya mtaa kila Jumapili inafungwa magoli manne. Mwiteni awalindie goli.

Kwa wiki hii naomba niishie hapo.